Viota Mia Tatu na Jiwe Moja

Kiseke, Mwanza
2 Februari 2025

Dada Dorotea,

Shikamoo.

Naandika kwa sababu simu yangu hupokei. Nimepiga tangu Krismasi. Mara inaita mpaka inachoka, mara haipatikani. Jirani yako Wilhelmina alipokuja mjini kutibiwa macho aliniambia simu yako nzima kabisa na unaongea nayo kutwa. Basi nimenunua kalamu.

Nina jambo. Hapa mjini kumefunguliwa makumbusho mapya, karibu na ziwa, na wamenitaka niwatengenezee kazi moja ya udongo ya kujaza ukumbi mzima. Nimewaambia nitafanya viota vya mnana. Unayakumbuka mafunjo ya nyuma ya kwetu, wale ndege wa njano wanaanza kelele kabla ya alfajiri, Baba anatoka na shuka kuwarushia mawe? Ndiyo hayo. Viota mia tatu vya udongo uliochomwa, vining'inie kwenye mafunjo ya kweli kutoka juu, mtu akipita chini ainamishe kichwa. Nilipomweleza Bi Shamsia, msimamizi wa ukumbi, akasema, "Huyo mwanamke anayeweza kufinyanga ukuta mwembamba hivyo yuko wapi?" Nikamwambia yuko Ukerewe na hapokei simu.

Mimi nitafanya mia. Mia mbili siwezi, na udongo wa huku ni wa matofali tu. Wa kwetu unashika. Na mikono yako, Dada, sihitaji kuisifia, wewe mwenyewe unaijua.

Ufunguzi ni Jumamosi tarehe 21 Juni. Nimekutumia kiota kimoja kwenye boksi hili ukione ukubwa wake. Mlango uko chini, kama wanavyojenga wao. Jibu lako mpe Luhende, yule anayepakia mizigo melini hapo Nansio. Najua yeye huwezi kumkatia simu.

Mdogo wako,
Odeta


Ukerewe
13 Februari 2025

Odeta,

Marahaba.

Simu yako sipokei kwa sababu kwenye simu unalia, nami nikisikia unalia nalainika, halafu nikishaikata nakumbuka nilichotaka kukuuliza. Kwenye karatasi hakuna kulia. Na maandishi hayakanwi. Kwa hiyo tuandikiane hivi hivi.

Unataka viota mia mbili. Miaka mitatu hukutaka hata sufuria yangu ya ugali, leo unataka viota mia mbili. Haya. Ninaona nimekuwa mtu.

Nakuuliza mambo matatu na unijibu moja moja, usinizungushe. Kwanza, jina la nani litaandikwa ukutani? Pili, kwa nini mimi, wakati wafinyanzi wamejaa huko Usukumani karibu na wewe? Tatu, jiwe la Mama liko wapi?

Usijifanye umesahau. Mimi nakumbuka kila kitu cha siku ile tuliyomzika, hata mvua, hata rozari iliyofungwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umekaza na kile kiharusi. Nakumbuka tulivyotoka makaburini tukakaa na wanawake wote, kapu la Mama likaletwa katikati ili tulipeleke ziwani. Kamba ya kuchorea ilikuwemo. Kibuyu cha kukwangulia kilikuwemo. Jiwe la kung'arishia halikuwemo. Wanawake wakaniangalia mimi, mimi nikakuangalia wewe, wewe ukaangalia chini. Tukatupa majini kapu lisilo na jiwe, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu tangu bibi wa bibi yetu. Jiwe la mfinyanzi lisiporudi ziwani, udongo unakataa. Unajua hilo kama unavyojua jina lako.

Na umekataa, Odeta. Mwaka jana vyungu vyangu vimepasuka hata aibu kusema. Watu wa mnadani wameanza kununua sufuria za bati.

Nitafinyanga. Nitafanya kwa sababu nimechoka kukaa na mikono mitupu, sio kwa sababu yako. Kila boksi nitalifunga kwa fundo la Mama. Likifika limefunguliwa nitajua.

Kiota ulichonitumia nimekiweka dirishani. Nakitazama asubuhi, nakitazama jioni. Umekisugua vizuri sana. Vizuri mno.

Dorotea


Kiseke
9 Machi 2025

Dada,

Shikamoo.

Boksi la kwanza limefika. Viota arobaini, na kumi na tatu vimepasuka. Sikulaumu, nakwambia tu hesabu ilivyo. Fundo halikuwa la Mama, lilikuwa fundo la mtu wa bandarini. Walifungua kukagua wakidhani umeficha samaki wachanga. Muulize Luhende.

Nakujibu moja moja. Ukutani yataandikwa majina mawili. Nimekuchagua wewe kwa sababu sijui mwingine. Jiwe la Mama sijui lilipo. Naapa kwa kaburi lake, sijui.

Sasa na mimi niulize, au kuuliza ni kwa wakubwa tu? Vile ishirini na saba vilivyopona vinang'aa. Nilikitoa kimoja kwenye maranda nikaona uso wangu. Bi Shamsia alikishika akasema, "Huu si udongo, hii ni ngozi ya mtu." Umesugulia nini, Dada?

Hapa mafunjo yameshaanza kuning'inizwa. Nimewaeleza wahudumu habari za mnana, kwamba dume ndiye anayejenga, jike anakuja tu kukagua. Anavuta huku, anavuta kule, asiporidhika anakifumua chote na dume anaanza upya. Wamecheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nakuwaza wewe.

Mdogo wako,
Odeta


Ukerewe
20 Machi 2025

Odeta,

Marahaba.

Basi mimi ndiye jike la mnana. Nimekubali. Nikae nikague.

Unauliza nimesugulia nini. Nimesugulia shanga za mbegu, zile nyeusi ngumu, kama alivyokuwa anafanya shangazi. Umeridhika?

Sasa nisikilize. Kile kiota chako cha dirishani kina mstari, mwembamba kama unywele, unakwenda kila mahali jiwe lilipopita. Ukikishika kwenye kivuli huuoni, ukikigeuzia jua la saa kumi unauona. Mama alikuwa hawezi kusugua chungu bila kuacha mstari huo, kwa sababu jiwe lake lilikuwa na kovu. Nani alilitia kovu? Ni wewe, ukiwa na miaka saba, ulipolichukua kuvunjia karanga likakuponyoka kwenye mwamba. Ulilia siku mbili. Mama akasema mwacheni, sasa vyungu vyangu vitajulikana popote.

Kwa hiyo umeapa kwa kaburi, na huku mkono wako unaandika ushahidi kwenye udongo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nasikia watu wanausema msemo huu nikidhani unahusu kunguni.

Boksi la pili linakuja na Luhende. Viota hamsini. Nimevihesabu mara mbili na Wilhelmina akahesabu mara ya tatu. Kama vingine vimepasuka, ujue sababu ni wewe.

Dorotea


Ukerewe
14 Aprili 2025

Kwa Bibi Shamsia Muharami,
Makumbusho, Mwanza

Bibi Msimamizi,

Salaam. Mimi ni Dorotea Luhaga, mfinyanzi, ambaye viota vyake mnavyo. Hatujaonana lakini nasikia unaipenda kazi yangu, nakushukuru.

Naomba msaada wa siri. Mdogo wangu Odeta ana mkoba wa ngozi wa vifaa vya kazi, hauachi hata akienda msalani. Naomba siku moja uuangalie. Ndani yake natafuta jiwe moja jeusi, laini, la kung'arishia udongo. Si la thamani sokoni, ukilitupa barabarani hakuna atakayeinama. Kwetu lilipaswa kurudi ziwani siku tuliyomzika mama yetu. Halikurudi. Tangu hapo udongo wangu unapasuka motoni, na mimi sina shamba, sina mume, nina udongo. Nikiwa mfinyanzi ambaye vyungu vyake havishiki maji, mimi ni nani?

Ukiliona usilichukue. Niambie tu umeliona. Odeta asijue kama nimekuandikia.

Wako,
Dorotea Luhaga


Makumbusho, Mwanza
25 Aprili 2025

Bi Dorotea Luhaga,
Ukerewe

YAH: OMBI LA UKAGUZI WA MKOBA

Shikamoo Mama.

Barua yako ya tarehe 14 Aprili nimeipokea. Napenda kukufahamisha kuwa ofisi yangu haina mamlaka ya kukagua mali binafsi za wasanii wala wageni, isipokuwa kwa sababu za usalama, na kwa hiyo ombi lako haliwezi kutekelezwa. Nakala ya barua hii nimeitunza kwenye jalada la kazi hii, kama utaratibu unavyotaka.

Hapo ndipo ofisi inapoishia. Yanayofuata ni ya kwangu mimi.

Mkoba sikuufungua, lakini jiwe nimeliona. Halifichwi. Wiki iliyopita nilipita chumba cha nyuma nikamkuta Odeta amekaa sakafuni anasugua kiota kwa jiwe dogo jeusi alilolitoa kwenye kitambaa cha khanga. Aliponiona hakushtuka. Aliendelea kusugua, na machozi yanamtoka, anayafuta kwa bega kwa sababu mikono ina udongo. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Dada yangu ananichukia na kazi yake inang'aa kuliko yangu."

Mama, mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, Pasiansi. Udongo siujui, naujua kwa vitabu. Lakini nimekaa na vitu vya watu miaka kumi na moja, na nimejifunza kwamba mwizi hakai na kitu akalia nacho. Naomba unisamehe kama nimevuka mipaka.

Kibao cha ukutani kimeshachapwa. Majina ni mawili. Odeta aliagiza la kwako litangulie.

Shamsia Muharami
Msimamizi wa Ukumbi


Ukerewe
3 Mei 2025

Odeta,

Hunisalimii, sikusalimii.

Umeonekana. Usiniulize na nani. Umeonekana na jiwe mkononi, ndani ya khanga, bila shaka ile ya Mama ya michoro ya korosho ambayo mimi niliitafuta nyumba nzima nikadhani imezikwa naye. Uliapa kwa kaburi lake, mwanamke wewe! Hukuogopa?

Na watu wananiambia ulikuwa unalia. Machozi yako nayajua tangu ulipokuwa unameza sukari ya wageni. Unalia kwanza, ukiulizwa baadaye watu wameshakuhurumia.

Nina viota mia moja na kumi hapa, vimechomwa, vimepangwa kwenye majani chumbani kwa Mama. Havitoki. Rudisha hicho kipande na vyote vilivyobaki, nivipeleke ziwani mbele ya wanawake wale wale, ndipo viota vitatoka. Usiporudisha, tarehe 21 Juni watu wako wakubwa watapita chini ya mafunjo matupu, na utawaambia mnana wamehama.

Na jina langu lifute ukutani. Sitaki kutangulia mahali ambapo wewe umenisukuma mbele ili watu wasikuone wewe nyuma.

Dorotea


Kiseke
11 Mei 2025

Dada Dorotea,

Shikamoo. Mimi bado nakusalimia.

Bi Shamsia amenionyesha mwenyewe barua yako na nakala ya yake. Alisema hawezi kukaa na siri ya watu wawili kwenye jalada moja. Nimezisoma mara nyingi. Yeye aliandika "jiwe." Aliandika "jiwe dogo jeusi." Hakuandika kipande. Wewe ndiye umeandika kipande, na vyote vilivyobaki.

Nani alikwambia limepasuka, Dada?

Haya, na mimi niseme yangu, kwa sababu nimechoka. Alhamisi ile kabla Mama hajafa, wewe ulikuwa umekwenda mashine kusaga, Mama aliniita kitandani. Nyundo ya Baba ilikuwa chini ya mto. Akanipa kitu kimefungwa kwenye ile khanga. Nikafungua nikakuta kipande cha jiwe, upande wenye kovu. Akasema, "Hiki chako, usimwambie dada yako. Kinachobaki naondoka nacho." Nikajua kilichobaki kiko kapuni na kitakwenda ziwani, mambo yataisha. Halafu kapu likafunguliwa halina kitu. Unajua nilichowaza? Niliwaza: Dada amekichukua. Nikaangalia chini, ndiyo, kwa sababu kipande changu nilikuwa nacho ndani ya sidiria, na nikiinua macho watu wangekiona usoni mwangu.

Nilipoapa kwamba sijui jiwe liko wapi niliapa kweli nusu, na nusu ile nyingine ndiyo inayoninyima usingizi.

Lakini viota vyako, Dada! Mimi ni mtoto wa mfinyanzi kama wewe. Shanga za mbegu zinatoa mng'aro wa mafuta, unafifia ukishikwa. Mng'aro wako haufifii. Nimevishika vyote tisini, vizima na vilivyopasuka. Ni jiwe lile lile, upande usio na kovu. Nilijua tangu boksi la kwanza, ndiyo maana nilikuuliza, ukanijibu shanga. Nikanyamaza nikisubiri useme mwenyewe. Miezi miwili nimesubiri. Kila boksi nililifungua nikidhani nitakuta karatasi imeandikwa, "Odeta, na mimi ninacho."

Basi mimi nimeanza. Ndani ya boksi hili, katikati ya maranda, kuna khanga ya Mama na ndani ya khanga kuna kipande changu. Chukua. Kiunge na chako, jiwe likamilike, ulipeleke ziwani mbele ya nani unayemtaka. Waambie mimi ndiye mwizi, nitakubali. Mimi nitamaliza kusugua vyangu kwa kijiko.

Viota visipokuja nitawaambia ukweli, kwamba dada yangu alifanya kazi na mimi ndiye niliyeiharibu. Jina lako sifuti.

Odeta


Ukerewe
5 Juni 2025

Odeta, mdogo wangu,

Usiniamkie kwanza. Ngoja niseme.

Khanga yako ilifika Jumamosi. Niliiweka mezani nisiifungue mpaka Jumatatu. Jumatatu nikatoa na changu. Ndiyo, ninacho. Mama alinipa Jumapili, wewe ulikuwa umekwenda Misa, kimefungwa kwenye leso ya Baba. Na maneno ni yale yale, Odeta, yale yale kama aliyakariri: "Hiki chako, usimwambie mdogo wako. Kinachobaki naondoka nacho." Siku ya kapu niliposimama katikati ya wanawake nikauliza kwa sauti kubwa jiwe liko wapi, kipande kilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu jeusi, kinanigonga paja kila nikivuta pumzi. Nilipiga kelele ili nisisikie nafsi yangu. Halafu nikakuona umeangalia chini, nikashukuru Mungu. Unaelewa? Nilishukuru kwamba kuna mtu wa kumshuku. Miaka mitatu nimeishi kwa shukrani hiyo.

Basi nikaviunga. Nikavisogeza, nikavigeuza, nikalowanisha mikono. Havishikani. Chako hapa, changu pale, na katikati pana nafasi ya upana wa dole gumba. Kuna kipande cha tatu.

Sasa unanijua. Nilipoiona nafasi ile nilifanyaje? Nilikaa nikamlilia Mama? Thubutu. Niliinuka nikajifunga kitenge nikaenda kwa Wilhelmina, kwa sababu yeye ndiye aliyemwosha Mama na kumvika, na nikawaza moja kwa moja: kumbe ni huyu. Anakula kwangu, anahesabu viota vyangu, kumbe ni huyu! Nilimkuta anachambua dagaa uani. Sikumpa hata salamu. Nikamwambia, "Toa ulichochukua mwilini mwa mama yangu."

Wilhelmina hakuinuka. Unajua macho yake sasa, alinigeuzia sikio kwanza. Akasema, "Umechelewa kuja, Dorotea. Nimekusubiri miaka mitatu, wewe au mdogo wako, yeyote."

Nikakaa chini kwenye dagaa.

Aliniambia hivi. Kiharusi hakikukaza mkono wa Mama. Mkono wa kulia ulikuwa mzima mpaka mwisho, si ndio aliopasulia jiwe kwa nyundo? Wewe na mimi tulitazama mkono ule siku nzima bila kufikiri hilo. Mama aliufumba mwenyewe, na kabla hajakata roho alimwambia Wilhelmina, "Mkono huu usiufungue, hata kwa rozari. Ninacho changu." Ndiyo maana rozari ikawekwa kushoto. Kipande cha tatu kiko kwenye kiganja cha Mama, makaburini, na kimekuwa pale siku zote. Alisema ataondoka nacho, akaondoka nacho. Sisi tulikuwa tunatafuta kapuni.

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?" Akasema, "Mama yenu alinikataza kusema kabla hamjauliza. Alisema, hawa wawili nikiwagawia mbele ya watu watapima cha nani kikubwa. Nikiwapa kwa siri, watakaa pamoja siku moja wataulizana, na wakiulizana watajua. Basi mimi nikangoja. Hamkuulizana. Siku ile ya kapu mlikuwa mnaangaliana mikoba."

Mdogo wangu, nililia pale mpaka kuku wakasogea mbali. Wilhelmina akaendelea kuchambua dagaa. Baadaye akasema jambo lingine, na hili utacheka. Nikamwambia, basi kama Mama alipanga hivi, mbona udongo ulinikataa? Mbona vinapasuka? Akasema, "Udongo umekukataa? Unachoma kwa kuni mbichi mvua inanyesha, kwa sababu umegombana na kila mwenye kuni kavu kijijini. Nilikwambia. Ukasema namtetea Odeta." Na kweli, vile mia na kumi nilivichoma wiki mbili zisizo na mvua, kwa kuni alizoniletea yeye mwenyewe, na hakikupasuka hata kimoja. Sikuwa nimefikiri. Ukimchunguza sana bata hutamla, na mimi nimekaa na njaa miaka mitatu namchunguza bata.

Ziwani sitapeleka kitu. Wanawake nimewaita Jumanne, wale wale, nikawaeleza yote, pamoja na mfuko wa gauni langu. Wengine walicheka, mmoja akanisonya, wote wakala wali. Mzee wao akasema Mama ameturithisha wakati yuko hai, na kilichobaki kimekwenda mahali pake. Imekwisha.

Nakuja na meli ya Alhamisi tarehe 12, na viota vyote mia na kumi, na vya akiba thelathini. Sitaki Luhende avibebe, nitavipakata. Kipande chako nakurudishia mkononi mwako, na khanga yake. Kovu ni lako, ulilitia mwenyewe. Mimi sitaki kazi zetu zifanane. Nataka mtu akipita chini ya mafunjo yale aseme, hiki cha Odeta, kina mstari, hiki cha Dorotea, hakina. Na kama Bi Shamsia anaweza, aache mahali pamoja juu pale bila kiota. Nitamwambia ni pa nani.

Mwambie pia namshukuru, na kwamba si mwizi anayelia na kitu, alisema kweli. Changu sikuwahi kulia nacho. Hilo nalo nalifikiria.

Sasa unaweza kuniamkia. Usiandike, barua haitanikuta. Jumatano tarehe 11 saa moja jioni, nikishamaliza kufungasha, nitakupigia simu. Ikiita, pokea. Ukisikia kimya, usidhani mtandao umekata. Ni mimi nalia. Usikate.

Dada yako,
Dorotea